Taa ya Baiskeli ya Nesi Wegesa

Wegesa aliendesha baiskeli kama mtu anayeigombeza. Alikaa wima, viwiko nje, kitambaa kimekazwa kichwani, na kila alipoona jiwe mbele yake alilipigia kengele, utadhani jiwe lingeona haya likajisogeza. Mchana barabara yote ya Kirumbo ilikuwa yake. Wazee waliokuwa wakisema kwamba mwanamke na baiskeli ni mambo ya mjini walikuwa wameshanyamaza, maana wake zao na wakwe zao walijifungulia mikononi mwake, na si rahisi kumteta mtu kwa raha huku unamhitaji.

Usiku ndio uliokuwa shida.

Kirumbo kilikuwa kijiji cha ujamaa, upande wa Butiama ukielekea Buhemba. Serikali ilikuwa imewapanga watu kwenye mistari, ikaweka zahanati katikati, kisha ikamleta Wegesa kutoka Bunda awe nesi mkunga. Mpango ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewauliza wanawake wangependa kujifungulia wapi, na wengi walitaka nyumbani kwa waume zao, kama walivyojifungua mama zao. Isitoshe kulikuwa na kitongoji kizima kilichobaki ng'ambo ya kijito, nyuma ya mlima, ambacho watu walikiita Ng'ambo tu. Na watoto wa huko, kwa sababu wanazozijua wenyewe, walipenda kuja duniani usiku.

Mwaka uliotangulia Wegesa aliitwa Ng'ambo kwa Boke, mke wa Mniko. Hakukuwa na mwezi. Aliisukuma baiskeli kwa mikono huku akipapasa njia kwa miguu, akatumbukia kwenye korongo, akatoka, akapotelea kwenye mashamba ya pamba. Alipofika kulikuwa kumekucha. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu, na pale nyumbani hapakuwa na mtu aliyejua la kufanya. Walikuwa wameshamfunika. Boke hakumlaumu hata kidogo; alimwambia akae apumzike, akaagiza aletewe uji. Uji ule ulimuuma Wegesa kuliko tusi lolote.

Sasa Boke alikuwa mjamzito tena. Alikuja zahanati kupimwa, akashuka kitandani, akawa anafunga kanga yake taratibu bila kumtazama mtu.

"Nesi, safari hii utafika?"

"Nitafika."

"Hata usiku?"

"Hata usiku," alisema Wegesa, akijua kwamba anaahidi kitu asichokuwa nacho.

Kumhamishia Boke zahanati mapema lilikuwa wazo jema, ila Robi, mama mkwe wake, alikuwa ameshatoa hukumu kwamba mjukuu wake atazaliwa kwenye nyumba ya ukoo, si kwenye chumba kinachonuka dawa. Robi akisema neno, hata mwenyekiti wa kijiji alikohoa tu akabadilisha mazungumzo. Kwa hiyo ilibaki njia moja, nayo ilikuwa taa.

Alianza na kandili, akaifunga kwenye usukani kwa mpira. Mtu yeyote aliyewahi kujaribu jambo hilo anajua kinachotokea. Kandili inammulika anayeendesha, haimuliki barabara. Unaona pua yako vizuri sana na korongo hulioni kabisa. Kioo kilivunjika kwenye jiwe la kwanza, na Wegesa, ambaye hakuwa mtu wa matusi, alilitukana lile jiwe kwa jina la baba yake.

Lori la pamba lilipokwenda Musoma, naye akaenda, baiskeli yake imelazwa juu ya marobota. Aliteremka Mwisenge kwenye duka la vipuri la Clementi, bwana mmoja mwenye ulimi mtamu aliyeweza kumuuzia samaki maji ya ziwa.

"Mama, hii hapa ya betri," alisema Clementi, akiipangusa taa kwa shati lake. "Hii inamulikaga mpaka ng'ambo ya ziwa."

"Betri zake ziko wapi?"

"Betri hakuna."

"Zitakuja lini?"

"Aa, mama, hiyo waulize Dar es Salaam."

"Kwa hiyo unaniuzia taa ya kuitazama."

Clementi alicheka, akaiweka pembeni, akatoa nyingine: taa ndogo ya mviringo, na waya, na kidude cha chuma chenye umbo la chupa. "Basi chukua dainamo. Unaifunga gurudumu la nyuma, gurudumu linaizungusha, umeme unapanda mbele. Haili betri hii. Inakulaga miguu ya mwenye baiskeli tu."

Aliifunga palepale, akamwambia aizungushe mtaa. Ilikuwa jioni, giza limeanza kuingia. Wegesa alirudi amekunja uso. Mwanga ulikuwa wa njano, na ulicheza. Akikaza mwendo ulipanda, akilegea ulilegea naye.

"Mlimani inakuwaje?"

"Inafifia kidogo."

"Na nikisimama?"

"Mama," alisema Clementi kwa upole mkubwa, "ukisimama unatakaga kuona nini?"

Wegesa hakununua. Alitaka taa inayomulika kweli, taa ambayo korongo lingeiona likiwa mbali likajua halina lake. Boke hakuahidiwa mwanga wa kubembeleza.

Taa ya namna hiyo alikuwa nayo Luhende. Mzee huyu alikuwa amefanya kazi ya dhahabu chini ya ardhi kule Buhemba mpaka mgodi ulipofungwa, na alirudi nyumbani na kikohozi, hadithi nyingi, na taa ya kabaidi. Ilikuwa kopo la shaba lenye vyumba viwili. Chini unaweka vipande vya kabaidi, juu maji. Maji yanadondoka, kabaidi inachemka na kutoa gesi, gesi inawaka mbele ya kisahani kinachong'aa. Ilinuka kitunguu saumu na ililia shhh kama nyoka aliyekasirika. Wegesa alikuwa amewazalisha wakwe wawili wa mzee huyo, hivyo alipomweleza haja yake hapakuwa na maneno mengi.

"Hii tulikuwa tunaingiaga nayo chini," Luhende alisema, akiikaza kwenye usukani kwa waya. "Huko hakuna jua, hakuna mwezi. Utaona mpaka mawazo ya watu."

Jioni ya kwanza Wegesa aliiwasha mbele ya zahanati, na wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi wakaja kutazama. Mwanga ulitoka mweupe, umenyooka, ukapiga ukuta wa shule ng'ambo ya uwanja mpaka maandishi yake yakasomeka. Nitasema kweli: alijivuna. Aliizunguka shule mara kadhaa bila sababu yoyote ya kiafya.

Siku chache baadaye akaitwa usiku. Binti wa Esta alikuwa na uchungu.

Hapa ni lazima Esta aelezwe kidogo. Nyumba yake ilikuwa chini ya mlima, pembeni mwa njia ya kwenda Ng'ambo, na alikuwa na mradi ambao haukuwamo kwenye mpango wa maendeleo wa kijiji. Alipika pombe ya moshi. Serikali iliikataza, na mara mojamoja mgambo walikuja na Landrova kumwaga na kukamata. Usiku huo, huku binti yake akigumia ndani na mtu ameshatumwa kwa nesi, Esta aliona hakuna sababu ya kuwafukuza wateja. Walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba, wanakunywa kwa adabu.

Wegesa alifika kileleni, akaacha pedali, baiskeli ikaanza kuteremka yenyewe. Wale walioko chini waliona mwanga mweupe umechomoza mlimani, unashuka, na hausemi kitu.

"Landrova!" alisema mmoja.

"Mbona taa moja?"

"Nyingine imepasuka."

"Mbona haingurumi?"

"Wamezima injini waje kimya kimya. Ndivyo wanavyofanyaga!"

Hoja hiyo haikuwa na mpinzani, kwa sababu ndivyo walivyofanyaga kweli. Pipa likapinduliwa kwenye mihogo. Wateja wakaruka ua wa minyaa, wengine wakapita katikati yake. Esta na dada yake wakaingia ndani, wakamkamata binti, mmoja huku na mwingine kule, wakatokomea naye kwenye shamba la pamba. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna nesi aliyeitwa.

Wegesa aliingia uani akakuta moto unawaka, vigoda vimelala chali, na kandambili moja.

"Hodi!"

Mbuzi akamjibu.

"Hodi jamani! Ni mimi, Nesi!"

Sauti ya Esta ikatoka ndani ya pamba, kali na ya kutetemeka: "Nesi gani anakujaga na Landrova?"

"Ni baiskeli! Baiskeli yangu!"

"Muongo! Zima hiyo taa tukuone!"

Wegesa aliguna, akaizima. Kweli, mara tu giza liliporudi walimwona, mwanamke mmoja mfupi mwenye kitambaa kichwani na kisanduku mkononi. Mtoto alizaliwa hapohapo kati ya mistari ya pamba, wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na mpaka leo watu wanamwita Mgambo. Mama yake hakupata dhara lolote. Hasara iliangukia pipa tu, na asubuhi kuku wa Esta, waliokuwa wamedonoa pale kwenye mihogo, walikuwa wakitembea kwa upande.

Esta alimshukuru nesi kwa machozi, kisha akafuta machozi akaanza kumsema.

"Nesi, sisi tunakupenda. Lakini ukija, njoo kama mtu. Usije kama serikali."

Wegesa alicheka njia nzima. Alipofika kitandani hakucheka tena. Nyumba ya Mniko nayo ilikuwa na mambo yake. Mniko alikuwa na ndama ambao hawakufika josho siku serikali ilipohesabu ng'ombe. Je, wangeiona taa ile wakambeba Boke, pengine mtoto amekaa vibaya tena tumboni, wakamkimbiza porini? Angefika mapema na kukuta nyumba tupu. Kufika kwenyewe hakutoshi. Ilimpasa afike na watu wamjue kwamba ni yeye.

Alimrudishia Luhende taa yake, na mzee alipopata habari ya kuku alicheka mpaka kikohozi kikamzidi. Kisha Wegesa akapanda tena lori la Musoma.

"Ile ya betri bado ipo, mama," alisema Clementi.

"Na betri?"

"Bado."

"Nifungie hiyo ya miguu," alisema Wegesa.

Akaanza kujifunza upya kuendesha baiskeli. Dainamo ilikuwa na kelele yake, uvumi mwembamba uliopanda na kushuka, na mwanga wa njano uliokwenda sawa na pumzi za anayeendesha. Gari halina mwanga wa namna hiyo, wala pikipiki. Watu waliokaa nje jioni waliuona kwa mbali wakasema, "Nesi huyo. Leo amechoka, tazama taa inavyosinzia." Alipopanda mlima, taa ikawa nyekundu na kukaribia kufa, sauti zilimfuata kutoka gizani: "Kanyaga, Nesi! Kanyaga!" Naye alikanyaga, taa ikafufuka, na kule chini wateja wa Esta waliendelea kunywa bila hata kugeuza shingo.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza Mniko alipokuja zahanati mbio, matope mpaka magotini. Alikuwa mwanaume mkubwa, mchungaji mzuri wa ng'ombe, na sasa alishindwa kusema sentensi nzima.

"Nesi. Boke. Umeanza."

"Panda nyuma."

"Mimi?"

"Panda, mura, shika hili sanduku! Unataka nikusubiri utembee?"

Akapanda kwenye keria, miguu yake ikiburuza karibu na ardhi. Mlimani alishuka akasukuma kutoka nyuma kwa nguvu zake zote, na taa haijawahi kupanda mlima ule ikiwaka vile. Korongo lililommeza Wegesa mwaka jana aliliona lote, kingo zake na maji yake, akalipita pembeni. Kijito walikivuka kwa miguu, baiskeli begani kwa Mniko. Walifika kabla jogoo wa kwanza hajawika. Nyumba ilikuwa na watu, na Boke alikuwa humo, mgongo ameuegemeza kwa wifi yake.

"Umefika," alisema Boke.

"Si nilikuambia?"

Wegesa alinawa, akapiga magoti, akampapasa tumbo kwa mikono miwili. Akapapasa tena. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio, na hapakuwa na muda wa kumgeuza. Aliogopa, lakini hakuuruhusu woga ufike usoni. Kumtoa mtoto wa namna hiyo aliweza. Alifundishwa, na alishafanya. Ila ilimpasa aone. Lazima uione rangi ya ngozi, uone kitovu kimekaa wapi, ujue ni lini usubiri na ni lini uvute.

Koroboi ndani ya nyumba ilikuwa inakunywa tone la mwisho. Mafuta ya taa yalikuwa hayajafika duka la ushirika tangu mvua zianze. Ikapepesa, ikazima. Wegesa akatoa tochi yake ndogo, ambayo betri zake alizianika juani siku mbili ili zipate nguvu; ikatoa mwanga wa ukubwa wa punje ya hindi, ukageuka mwekundu, ukaondoka. Kuni zilikuwa mbichi za mvua, zinatoa moshi tu. Giza likawakalia wote, na ndani ya giza Boke akaanza kusema, polepole, "Hapana. Hapana. Hapana."

"Taa yako ya baiskeli iko wapi?" Ilikuwa sauti ya Robi.

"Imezima, mama. Inawaka nikikanyaga tu."

"Ukikanyaga wewe?"

"Yeyote akikanyaga. Ila kwa nguvu, na bila kupumzika."

Kila mtu mle ndani alijua anachokifikiria Robi, na alijua kwamba hakiwezekani. Mwanaume hakaribii mlango mke wake anapojifungua. Anakaa zizini, anatazama ng'ombe, anangoja kuitwa. Robi mwenyewe ndiye aliyewafukuza wanaume kwenye milango hiyo maisha yake yote, wengine kwa mwiko wa ugali.

"Mura!" alimwita mwanawe. "Njoo hapa!"

Akavua kitambaa chake cha kichwani. Mniko alipotokea mlangoni mama yake alimgeuza, akamfunga kitambaa machoni, akakaza fundo mpaka akalalamika. Wanawake wakaiingiza baiskeli nusu: gurudumu la mbele ndani ya nyumba, la nyuma nje kwenye mvua, stendi imelinyanyua likaelea. Mniko, ambaye hajawahi kuendesha baiskeli katika maisha yake, akapandishwa juu yake na miguu yake ikawekwa kwenye pedali.

"Sasa kanyaga."

"Niende wapi?"

"Kanyaga!"

Akakanyaga. Dainamo ikavuma, na mwanga wa njano ukafunguka ukutani, ukashuka, ukamkuta Boke.

Ilikuwa safari ndefu kwa mtu asiyekwenda popote. Boke alipolia, Mniko alisita asikilize, mwanga ukaanguka, na wanawake wote wakamgeukia kwa sauti moja, "Kanyaga!" Akarudi kwenye kazi yake, jasho na mvua vikimtiririka pamoja chini ya kitambaa.

"Tumefika wapi?" aliuliza.

"Makalio!" alisema Robi. "Kanyaga, hujafika!"

Wegesa hakusikia yeyote kati yao. Aliona. Aliona miguu imekunjwa, akaiachilia mmoja baada ya mwingine. Aliona kitovu, akakilegeza kidogo. Akangoja, na kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Mabega. Mkono mmoja, wa pili. Akamlaza mtoto juu ya mkono wake, akapitisha kidole mdomoni, ili kidevu kikae kifuani, akamwambia Boke sasa, sasa mama, na kichwa kikatoka.

Mtoto hakulia.

Nyumba yote ikanyamaza. Kule nje Mniko alisikia ule ukimya, na mwaka uliopita alikuwa ameusikia akiwa zizini. Hakuuliza kitu. Alikanyaga. Alikanyaga mpaka stendi ikaanza kucheza na mnyororo kupiga kelele, mpaka ile taa ya njano ikawa nyeupe kama ya Luhende. Katika mwanga huo Wegesa alimpangusa mtoto pua, akamsugua mgongo kwa kitambaa, akasugua, akapuliza, akasugua tena.

Mtoto akakunja uso kwa hasira na kulia.

Wifi akaangua kilio naye. Robi akapiga vigelegele mpaka vikamkauka, kisha akatoka kumwambia mwanawe ashuke, maana maskini alikuwa bado anakanyaga, kichwa ameinamisha kwenye usukani, machozi yamepita chini ya fundo. Boke alikuwa amempokea mtoto kifuani. Alikuwa akimfunua vidole, masikio, nyayo.

"Mama," alimwambia mkwe wake bila kuinua macho, "mwache akanyage kidogo. Sijamaliza kumwangalia."